Mume wangu anameza dawa ambayo daktari wake haijui

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Mume wangu alikuwa na presha tangu ujanani, akaipuuza hadi figo zote mbili zikafa. Tulihangaika na mashine ya kusafisha damu mpaka mdogo wake wa kike, wifi yangu, akakubali kumpa figo yake moja. Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam na sasa tuko mwezi wa pili. Mkojo unatoka vizuri, anakula, anatania watoto. Namshukuru Mungu.*

*Kinachotusumbua ni presha. Kwa miaka mingi alitumia losatani, ndiyo dawa aliyoizoea. Baada ya kupandikizwa waliiondoa wakampa amlodipini, baadaye wakaongeza atenololi. Hakuna aliyetueleza kwa nini ile ya zamani imeondolewa. Nyumbani nampima mwenyewe: asubuhi 152 kwa 94, jioni 158 kwa 96. Miguu imevimba kwenye vifundo, viatu haviingii. Akiona namba hizo hapati usingizi. Anasema, "Presha ndiyo iliyoua figo zangu, na hii ya mdogo wangu itaiua."*

*Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, anafanya kazi duka la dawa. Alikuja kumwona mgonjwa, akasoma karatasi zake akatikisa kichwa. Akasema losatani ndiyo dawa inayolinda figo na madaktari wamefanya makosa kuiondoa. Sikulitilia maanani. Baada ya hapo presha ikaanza kushuka, ikafika 134, nami nikafurahi nikadhani dawa za kliniki zimeanza kufanya kazi.*

*Kwenye kliniki iliyopita majibu hayakuwa mazuri. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, ilikuwa 118, imepanda hadi 141. Potasiamu 5.6. Daktari aliuliza kama kuna dawa mpya au za kienyeji anazotumia. Mume wangu akajibu hakuna. Tukaambiwa apunguze ndizi, parachichi na maji ya madafu, turudi Alhamisi ijayo, na kreatinini ikipanda tena watachukua kinyama kwenye figo kwa sindano waangalie kama mwili umeanza kuikataa.*

*Shangazi, juzi nilikuwa nataka kufua koti lake, nikakuta mfukoni karatasi ya vidonge vya losatani, nusu vimekwisha. Nilipomuuliza hakukana. Kaka yake ndiye anayemletea, anameza kimoja kila usiku. Amenikataza kabisa kusema. Anadai watamfokea mbele ya wagonjwa wengine, kaka yake atapata matatizo kazini, na dada yake atajua. Wifi hupiga simu kila jioni, anauliza kwa utani, "Figo yangu haijambo?" Mimi huishiwa maneno.*

*Nimesoma kwenye simu kwamba losatani ni sumu kwa aliyepandikizwa figo. Nimewaza kuvitupa vile vidonge, au kumpigia nesi wa kliniki bila yeye kujua, au ninyamaze tusubiri Alhamisi. Ni mume wangu na mwili ni wake. Lakini nikinyamaza na figo ikafa, nitamtazama vipi wifi yangu?*

*Mama Wawili, Morogoro*

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilipofika sikungoja gazeti. Nilikutumia ujumbe siku ile ile kukuomba uhakikishe kliniki inajua kuhusu vidonge hivyo mapema, kwa sababu potasiamu ya 5.6 inaweza kuendelea kupanda bila mgonjwa kuhisi lolote, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Hapa nitaandika kwa kirefu, kwa ajili yako na kwa nyumba nyingine zenye mgonjwa wa aina hii. Nyumba hizo zinaongezeka tangu Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Mimi si daktari, na dozi ya mtu sipangi. Ninachoweza ni kukaa na wewe tuitazame hali hii vizuri.

Umeniletea maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la dawa: je, losatani inaidhuru figo hii? La pili ni la nyumbani: je, mke anaweza kutoa siri ya mumewe kwa daktari wake mwenyewe? Ulipoyaunganisha yamekuwa mazito kuliko yalivyo, hasa kwa lile neno ulilolisoma kwenye simu, "sumu".

Hilo neno silikubali. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la wataalamu wa figo, KDIGO, lilitoa mwongozo wa presha, na ndani yake dawa za jamii ya losatani zimewekwa mstari wa mbele pamoja na za jamii ya amlodipini kwa watu wazima waliopandikizwa figo. Sumu haiwekwi mstari wa mbele. Kwa hiyo shemeji yako hakusema uongo. Losatani hulinda figo, hasa kwa mwenye kisukari au anayepoteza protini kwenye mkojo, na huenda daktari huyo huyo akairudisha kwa mumeo miezi michache ijayo. Alichokisahau shemeji ni wakati. Alikuwa anaizungumzia figo iliyokwisha kutulia, na hii bado ni ngeni mwilini.

Tazama linalotokea katika majuma haya ya mwanzo. Mumeo bila shaka anameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, na kwa wengi iliyo kuu ni takrolimasi. Dawa hiyo huubana mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio la figo, na huufanya mwili ushike chumvi. Prednisoloni nayo, ambayo mwanzoni hutolewa kwa dozi kubwa, hupandisha presha. Yaani sehemu ya hiyo 158 inatokana na dawa zinazomlinda, na mara nyingi dozi zikipunguzwa presha nayo hulegea. Amlodipini huchaguliwa mwanzoni kwa sababu huufungua mshipa ule ule wa kuingilia, na haivurugi majibu ya maabara. Ubaya wake ndio huo wa kuvimba vifundo. Uvimbe wa namna hiyo hausumbui figo, lakini mpime uzito kila asubuhi: ukipanda kwa haraka, basi ni maji, na kliniki ijulishwe.

Losatani inafanya kazi upande wa pili. Huulegeza mshipa wa kutokea, msukumo ndani ya chujio ukashuka. Kwa figo iliyotulia hiyo ni nafuu. Kwa figo mpya ambayo tayari imebanwa mlangoni, uchujaji hupungua na kreatinini hupanda. Na ikiwa mshipa mkubwa ulioungwa wakati wa upasuaji umeanza kuwa mwembamba, jambo ambalo huwapata baadhi ya waliopandikizwa, kreatinini inaweza kuruka ghafla. Halafu kuna potasiamu. Takrolimasi huipandisha. Septrini, ambayo wengi wa waliopandikizwa hupewa kwa miezi kadhaa kuzuia nimonia, huipandisha. Atenololi huisukuma kidogo. Ukiongeza losatani juu ya hizo tatu, ndizi zinaonewa bure.

Katika yote haya, linalonitia wasiwasi zaidi ya kidonge chenyewe ni hili: mwezi wa pili daktari anaisoma figo kwa kreatinini. Ikipanda, kitu cha kwanza anachokiogopa ni mwili kuikataa. Kutoka 118 hadi 141 ni ongezeko la karibu sehemu moja ya tano. Losatani peke yake inaweza kuleta ongezeko hilo, na likaondoka dawa ikisimamishwa. Mwili kuanza kuikataa figo kunaweza kuleta ongezeko lile lile. Takrolimasi ikizidi kwenye damu, vilevile. Asiyejua kuhusu vidonge vya usiku anaweza kumchoma mtu sindano ya figo bila sababu, au kumpa prednisoloni kwa wingi kutibu ugonjwa ambao haupo. Na kinyume chake nacho kipo: wewe nyumbani unaweza kusema "ah, ni losatani tu", kumbe mwili kweli umeanza kuikataa figo. Mimi na wewe hatuwezi kutofautisha. Daktari anaweza, akiambiwa.

Sasa tuje kwa mumeo. Barua yako inamwonyesha kama mkaidi, nami namwona ameingiwa na hofu. Amezika figo mbili kwa sababu ya presha, halafu anakaa mezani anaona 158 na mashine ikilia. Kila namba kwake ni figo ya dada yake inayoungua. Hakuna aliyemwambia kwamba katika majuma ya mwanzo madaktari wengi huvumilia presha iliyo juu kidogo, kwa sababu figo mpya inahitaji damu iingie kwa nguvu, na kuishusha mno kunaweza kuidhuru. Lengo la chini ya 130 kwa 80 linalotajwa katika ule mwongozo ni la safari ndefu. Kama angeambiwa hivyo siku ya kuondolewa losatani, pengine koti lisingekuwa na kitu mfukoni. Hapo kliniki nayo ina deni kwenu.

Jambo jingine. Daktari aliuliza kama kuna dawa *mpya*. Kwa mtu aliyemeza losatani miaka yote hiyo, losatani ni dawa mpya? Sisemi hakujua alichokuwa anakificha. Nasema hapo pana mlango mdogo anaoweza kuupitia bila kupoteza heshima yake: "Daktari, uliuliza dawa mpya, nikasahau kutaja ile ya zamani, nimeirudia." Wauguzi wa kliniki za figo wamesikia makubwa kuliko hayo.

Umetaja njia tatu, mimi nitaongeza ya nne. Ya kuvitupa vidonge ndiyo inayonitia shaka zaidi. Kwanza, ataletewa vingine, na safari hii hutajua mahali anapovificha. Pili, dawa zake ni nyingi na karatasi zinafanana. Ukikosea ukaondoa atenololi, kuikatiza ghafla kunaweza kuurudisha moyo mbio na presha juu. Tatu, soma vizuri jina lililoandikwa kwenye hiyo karatasi uliyoikuta. Madukani kuna losatani iliyochanganywa na dawa ya kupunguza maji, na kuna iliyochanganywa na amlodipini. Kama ni hii ya mwisho, mumeo anapata amlodipini mara mbili, na vifundo vyake vina sababu nyingine ya kuvimba. Iweke karatasi hiyo, au ipige picha, kwa sababu kliniki itataka kuijua hasa ni ipi na ya miligramu ngapi.

Kunyamaza hadi Alhamisi kuna uzuri wake: unampa nafasi aseme mwenyewe. Hatari yake ni potasiamu, ambayo haitazami kalenda, na ile sindano. Ukichagua kungoja, jiulize unangojea nini hasa. Kama unangojea ujasiri wake, hilo ninalielewa. Kama unangojea majibu yawe mazuri ili msilazimike kusema, hapo nakuomba ufikirie tena.

Kumpigia nesi bila yeye kujua kunaweza kuiokoa figo na kukugharimu amani kwa muda. Daktari na wauguzi wanatunza siri ya mgonjwa, lakini kukusikiliza wewe si kuivunja. Unaweza hata kuwaomba waulize wao swali upya kwa lugha nyingine, "Tuonyeshe dawa zote, na za zamani," bila kukutaja. Hata hivyo jiandae: mumeo si mtoto, atajua imetoka wapi. Kuna wanawake wanaoweza kuishi na hilo kwa utulivu, na kuna wengine ambao nyumba huwa baridi mwaka mzima. Wewe unamjua, mimi simjui.

Njia yangu ya nne ni kumwambia kabla hujapiga. "Baba fulani, nimekusikia. Siwezi kukaa kimya kwenye hili, lakini sitakwenda nyuma yako. Leo jioni piga simu kliniki mimi nikiwa pembeni, au nitapiga mimi wewe ukiwa pembeni." Halafu siku ya kliniki chukueni dawa zote zilizomo nyumbani, na za kuondolewa, na za maumivu, na majani ya jirani kama yapo, mzimwage mezani mbele ya daktari. Mfuko unasema wenyewe, hakuna anayelazimika kuungama. Hatari yake ni kwamba anaweza kukasirika akakukatalia, na hapo utabaki na uamuzi ule ule mkononi, ila sasa umeshasema ukweli wako.

Ukisema "mwili ni wake", unasema kweli. Ana haki ya kukataa dawa, hata ya kubishana na daktari. Ila daktari anayetibu bila kujua hawezi kumtibu mtu kwa haki, na hilo halimhusu yeye peke yake tena pale wewe unapoulizwa swali ndani ya chumba kile kile ukiwa unajua jibu.

Shemeji usimfanye adui. Alimpenda mdogo wake akatumia alichokijua. Kama mumeo ataridhia, aje naye kliniki, asikie sababu za kuiondoa losatani kutoka kwa wanaohusika, kwa sababu bado mtamhitaji kwa mambo mengine. Ajue kwa mfano kwamba amlodipini ikiisha dukani asimbadilishie kwa diltiazemu au verapamili kwa kuwa tu ziko kwenye kabati moja la presha. Hizo hupandisha takrolimasi kwenye damu kwa kiasi kikubwa. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya mgongo ziwe marufuku mpaka kliniki iseme.

Na wifi? Nimesoma sentensi yako ya mwisho mara kadhaa. Umejibebesha deni lake, na sina hakika kama yeye anakudai. Alitoa figo ili kaka yake aishi, hakuikodisha. Pengine akiuliza kila jioni hamuulizi kaka yake tu; pengine naye ana wasiwasi na aliyobaki nayo. Mtu aliyetoa figo anapaswa kupimwa presha, kreatinini na protini ya mkojo kila mwaka, na wengi huacha kwa sababu familia yote inamtazama aliyepokea. Jioni moja muulize yeye: "Na yako je, umepima?" Kuhusu losatani, aambiwe na kaka yake siku akiwa tayari. Hiyo siri si lazima uitoe wewe.

Kuna mambo ambayo hayangoji mazungumzo yoyote ya ndoa: mkojo kupungua ghafla, homa, maumivu mahali figo ilipowekwa, mwili kuishiwa nguvu, moyo kwenda mrama, kuzimia, au presha kufika 180 kwa 110 pamoja na kichwa kuuma sana au macho kufifia. Hapo ni hospitali, saa yoyote.

Mkipima nyumbani, akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, na usitumie mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu. Andika asubuhi kabla ya dawa na jioni, basi. Kumpima kila anapoingiwa na hofu kunaipandisha hofu, na presha nayo. Siku ya kupima damu takrolimasi ya asubuhi aende nayo mkononi, aimeze baada ya damu kuchukuliwa, kama kliniki ilivyowaelekeza.

Na mkiwa mbele ya daktari, muombe mumeo aulize maswali haya kwa mdomo wake: Unataka presha yangu nyumbani iwe ngapi kwa sasa? Ikizidi ngapi nipige simu, na nipige namba gani? Vifundo vikiendelea kuvimba, kuna dawa nyingine? Na losatani yangu ya zamani, mtaifikiria tena lini, na mtaangalia nini kabla ya kuirudisha? Ukipenda, niandikie tena baada ya hapo.